Taa Nyekundu na Kidonda cha Mguu

Hotuba ya muuguzi wa kliniki ya vidonda kwa wagonjwa wa kisukari na ndugu zao, iliyoandikwa upya kwa ajili ya wasomaji.

Wazee wangu, shikamooni. Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Na ninyi mliowasindikiza wagonjwa, mkaacha shughuli zenu ili mkae na mama au baba kwenye benchi hizi, nawashukuru kwa namna ya pekee, maana mengi ya leo yanawahusu ninyi.

Nimeombwa nizungumzie taa. Siku hizi ni nadra nimalize zamu bila kuulizwa: "Sista, mwanangu aliye Muscat kaniletea taa nyekundu, anasema inafunga vidonda. Niitumie?" Mwingine ameona tangazo kwenye simu, ameuza mbuzi, amenunua. Swali hili ni zuri na wanaouliza wana haki ya kupata jibu kamili. Jibu langu nalitanguliza, ili atakayetoka mapema kuwahi gari aondoke nalo. Mwanga wa aina fulani, kwa kipimo fulani, unaweza kuisaidia ngozi kujifunga. Lakini kwa mguu wa kisukari, hakuna taa inayochukua nafasi ya kuuondolea mguu uzito, kusafisha kidonda, kutibu maambukizi, kuhakikisha damu inafika na kushusha sukari. Anayekuuzia taa huku akikwambia uyaache hayo, anauza mguu wako.

Baada ya kusema hivyo, nisieleweke kwamba tiba ya mwanga ni uzushi. Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 1903, mwaka mmoja tu baada ya Ronald Ross kuipata kwa kuonyesha kwamba mbu ndiye anayebeba malaria, ilikwenda kwa daktari wa mwanga. Jina lake Niels Finsen. Alizaliwa mwaka 1860 Tórshavn, kwenye visiwa vya Faroe, akafanya kazi Copenhagen, Denmark. Ugonjwa aliopambana nao ulikuwa kifua kikuu cha ngozi, ambacho hula pua, midomo na mashavu taratibu mpaka mtu anaona haya kutoka nje. Streptomaisini, dawa ya kwanza ya kifua kikuu iliyofanya kazi, haikuwapo mpaka mwaka 1943. Finsen alichukua taa kali ya umeme, akaupitisha mwanga wake kwenye lenzi za kwazi, jiwe linalopitisha mwanga kama kioo, na maji baridi ili kuondoa joto, akauelekeza kwenye doa la ugonjwa. Kazi ya kukaa na mgonjwa, kumkandamizia kioo usoni ili damu ipishe na mwanga upenye, ilifanywa na wauguzi. Walikaa hivyo saa nzima au zaidi, siku baada ya siku, kwa miezi. Picha za wodi ile zipo, na kila nikiziona nawatazama wale wauguzi kabla ya kuitazama taa. Finsen mwenyewe alikuwa mgonjwa kwa miaka mingi, na alifariki mwaka 1904 akiwa na umri wa miaka 43.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wauzaji wanapochanganya watu. Mwanga uliofanya kazi kwa Finsen ulikuwa zaidi wa upande wa zambarau na urujuanimno, ule usioonekana kwa macho na unaounguza. Ulikuwa wa kushambulia vijidudu. Taa nyekundu mnazoletewa leo ni kitu kingine kabisa, kina historia yake na kinafanya kazi kwa njia yake. Mtu akikwambia "hii ndiyo tiba iliyopata Nobel", amekosea.

Pia hatuzungumzii jua. Najua wapo wanaoamini kidonda kinapaswa kuanikwa. Wazo hilo nalo lina watu wake wa heshima. Mwaka 1902, Oskar Bernhard, daktari wa upasuaji katika mji wa Samedan kwenye milima ya Uswisi, alikuwa na mgonjwa mwenye kidonda cha tumbo kilichokataa kufunga. Aliwaona wakulima wa huko wakikausha nyama kwa jua na hewa ya mlimani isioze. Akafungua dirisha, akakielekeza kidonda juani, nacho kikaanza kukauka na kufunga. Wakati ule, bila antibiotiki, ulikuwa uamuzi wa busara. Lakini mwaka 1962 mtafiti George Winter, huko Uingereza, aliweka majeraha madogo kwenye ngozi ya nguruwe, mengine akayaacha wazi, mengine akayafunika yabaki na unyevu. Yaliyofunikwa yaliota ngozi mpya kwa takriban nusu ya muda. Gamba kavu mnalolifurahia juu ya kidonda ni kizuizi. Seli za ngozi zinalazimika kupita chini yake zikitafuta mahali penye unyevu. Ndiyo maana tunafunga vidonda, na ndiyo maana nawasihi muache kunyunyizia kidonda unga wa kapsuli za dawa. Ule unga unatengeneza gamba juu na kuacha usaha chini.

Na jua lina deni kubwa kwetu. Waulizeni ndugu zetu wenye ualbino. Mionzi ile ile ya urujuanimno inawachubua, inawaachia vidonda midomoni na masikioni, kisha saratani. Huko Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, wanatengeneza losheni ya kuwakinga na jua inayoitwa Kilisun, mahsusi kwa ajili yao. Kwa hiyo nikisema mwanga leo, nina maana ya mwanga mwekundu, na ule wa jirani yake usioonekana, unaoitwa infraredi ya karibu.

Habari yake ilianzia Budapest, Hungaria. Leza, yaani chombo kinachotoa mwanga mwembamba wa rangi moja, ya kwanza duniani iliwashwa na Theodore Maiman nchini Marekani mwaka 1960. Miaka michache baadaye daktari wa upasuaji Endre Mester alipata leza ya rubi, inayotoa mwanga mwekundu, akawa anachunguza itafanya nini kwa panya, suala la saratani likiwa akilini mwake. Akawanyoa migongo, akawapiga wengine kwa mwanga hafifu, wengine akawaacha. Waliopigwa mwanga waliota manyoya upesi zaidi. Hakuwa amelitafuta jibu hilo, lakini hakulipuuza. Akahamia kwenye majeraha, na katika miaka ya 1970 akawa anawatibu watu wenye vidonda sugu. Baadaye zikaja taa za LED, ambazo ni rahisi na hazihitaji leza. Shirika la anga la Marekani, NASA, lilikuwa likizitumia kuoteshea mimea angani. Kisha daktari Harry Whelan wa Wisconsin, kwa msaada wa shirika hilo, akachunguza kama taa hizo hizo zingesaidia majeraha, kwa sababu mwili usio na uzito huko angani hupona taratibu.

Zinafanyaje kazi? Ndani ya seli zetu mna vyumba vidogo viitwavyo mitokondria, ambamo chakula na oksijeni hugeuzwa kuwa nguvu. Tiina Karu, mwanasayansi aliyefanya kazi Urusi, alitetea kwa miaka mingi kwamba kimeng'enya kimojawapo humo hupokea mwanga mwekundu na infraredi ya karibu, na kikiupokea seli hupata nguvu zaidi ya kufanya kazi yake. Pia hutolewa hewa iitwayo naitriki oksaidi, ambayo hulegeza mishipa midogo ya damu. Wanasayansi wanaendelea kubishana juu ya maelezo hayo, lakini kwamba seli huitikia mwanga huo maabara, hilo limeonekana mara nyingi.

Tatizo ni kipimo, na hapa naomba uvumilivu wenu kwa hesabu kidogo. Hakuna mtu anayemeza dawa bila kuuliza ni vidonge vingapi, kutwa mara ngapi. Mwanga nao una maswali yake. La kwanza ni rangi, inayopimwa kwa nanomita: tiba nyingi za vidonda hutumia kati ya 630 na 670 kwa mwekundu, au kati ya 800 na 900 kwa infraredi ya karibu. La pili ni nguvu inayofika kwenye kila sentimita ya mraba ya ngozi, kwa miliwati. La tatu ni muda. Ukizidisha nguvu kwa muda unapata jouli, na hiyo ndiyo dozi. Taa inayoleta miliwati 50 kwa kila sentimita ya mraba, ukikaa nayo sekunde 100, imekupa jouli 5. Majaribio mengi ya vidonda hucheza kati ya jouli 1 na 10. Kipimo kikiwa kidogo mno hakuna kinachotokea, na kikizidi sana, seli ambazo ungetaka zikimbie zinapunguza mwendo. Kwa hiyo yule anayekaa mbele ya taa saa mbili akidhani anaongeza uponyaji huenda anaurudisha nyuma. Na ukiisogeza taa mbali, dozi imebadilika bila wewe kujua.

Chukueni boksi la taa mliyoletewa, msome. Taa nyingi ninazoonyeshwa zimeandikwa "inatibu" hivi na vile, zimewekwa picha ya mguu mzuri, lakini nanomita hazipo, miliwati hazipo. Taa isiyosema dozi yake siwezi kuiita tiba, kama ambavyo siwezi kukupa kidonge ambacho hakijaandikwa jina.

Kuna jambo lingine linalotugusa sisi wenye ngozi nyeusi, na linanikera kwamba halisemwi vya kutosha. Melanini, ile rangi ya ngozi yetu, hunyonya mwanga, na hunyonya ule mwekundu kuliko infraredi. Mwanga mwekundu unaofika ndani kwa mtu mweupe haufiki wote kwetu, na sehemu inayonyonywa juu inageuka joto. Majaribio ya usalama yaliyochapishwa Marekani mwaka 2020, kwa kutumia taa nyekundu za LED kwenye ngozi nzima isiyo na kidonda, yaliona kwamba watu weupe walivumilia hadi jouli 480 kwa sentimita ya mraba, lakini wenye ngozi ya rangi waliishia 320. Dozi hizo ni kubwa mno kuliko za vidonda, msiogope. Nachotaka mwone ni kwamba kipimo kilichoandikwa kwa ajili ya ngozi ya mtu wa Ulaya hakiwezi kuhamishiwa kwetu kikavu kikavu. Tunahitaji tafiti zinazofanywa hapa kwetu, kwa miguu yetu.

Je, ushahidi unasemaje? Mahali ambapo mwanga huu umesimama imara ni mdomoni. Wagonjwa wa saratani wanaopigwa mionzi ya kichwa na shingo, au wanaotayarishwa kupandikizwa uboho, hupata vidonda vya mdomo vikali hadi wanashindwa kumeza mate. Taasisi ya NICE, inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, mwaka 2018 iliona ushahidi unatosha kuruhusu mwanga huu utumike kuzuia na kutibu vidonda hivyo, na chama cha kimataifa cha MASCC, cha wataalamu wa kuwahudumia wagonjwa wa saratani, kinaupendekeza kwa makundi fulani ya wagonjwa hao. Hayo ni mafanikio makubwa, na natamani siku moja kila hospitali ya saratani ya Afrika Mashariki iwe nayo.

Kwa vidonda vya kulalia hali ni tofauti. Mapitio ya mwaka 2014 ya Cochrane, mtandao wa wataalamu wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikusanya majaribio 7 yenye wagonjwa 403, yakahitimisha kwamba faida haina uhakika. Kwa mguu wa kisukari yapo majaribio madogo ambamo kidonda kilisinyaa haraka zaidi. Yanatia moyo, lakini ni madogo, kila moja na mashine yake na dozi yake. Kundi la kimataifa la wataalamu wa mguu wa kisukari, IWGDF, halijaiweka taa miongoni mwa tiba linazopendekeza. Mimi naichukua taa kama msaidizi anayeweza kuja baada ya kazi kuu kufanyika.

Na kazi kuu ni ipi? Hapa ningependa tukae kidogo.

Kidonda cha mguu wa kisukari hakianzi kwa sababu ngozi imekosa mwanga. Kinaanza kwa ganzi. Sukari ikikaa juu kwa miaka, mishipa ya fahamu ya nyayo hufa taratibu. Mtu anakanyaga kokoto ndani ya kiatu asubuhi, anatembea nayo mpaka jioni, anaigundua baada ya kuona damu kwenye soksi. Au sugu linaota chini ya kidole gumba, linakuwa gumu, na chini yake nyama inasagika bila yeye kusikia. Paul Brand, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Vellore, kusini mwa India, aliliona hili kwa wagonjwa wa ukoma. Watu waliamini kwamba nyama ya mwenye ukoma inaoza yenyewe. Brand akaonyesha kwamba wanapoteza vidole kwa kuwa hawasikii maumivu, kwa hiyo wanaendelea kukanyaga jeraha lile lile. Mguu ukifungwa vizuri kwa plasta ngumu, ile P.O.P. ya waliovunjika, ili uzito usambae, vidonda vya miaka vilianza kufunga. Baadaye akaipeleka kazi hiyo Marekani, na plasta hiyo ikawa tiba ya mguu wa kisukari. Haina umeme, haina rangi, na mpaka leo ni miongoni mwa tiba zenye ushahidi mzito kuliko zote kwa kidonda cha unyayo.

Hapa Tanzania tulijifunza hayo kupitia Step by Step, mpango wa kufundisha utunzaji wa mguu wa kisukari, uliofika katikati ya miaka ya 2000, Dkt. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam akiwa mstari wa mbele. Madaktari na wauguzi walifundishwa pamoja kuchonga sugu, kusafisha kidonda, kutazama viatu. Kazi hiyo haina mvuto wa kuonyeshwa kwenye tangazo. Inaokoa miguu.

Kwa hiyo mtu akiwasha taa nyekundu dakika kumi, halafu akasimama akakanyaga kidonda hicho hicho kwenda dukani, sokoni na msikitini, amefanya nini? Seli zilizopata nguvu kwa dakika kumi zinasagwa kwa saa kumi. Na kama mshipa mkubwa wa mguu umeziba, mguu ni wa baridi na vidole vinageuka rangi, hakuna mwanga utakaoleta damu. Huyo anatakiwa kuonwa na daktari wa upasuaji haraka.

Sasa hatari. Niliwahi kumpokea mama mmoja aliyeungua unyayo mzima kwa balbu nyekundu ya kukuzia vifaranga. Alisikia "infraredi", akaenda duka la pembejeo, akapata balbu iliyoandikwa infraredi. Ile ni taa ya joto, wati 175 au 250. Mguu wenye ganzi hausemi "inatosha". Nawaomba kwa moyo wangu wote: mguu usiosikia usiwekwe karibu na kitu chochote cha moto, iwe balbu ile, chupa ya maji ya moto wala jiko la mkaa.

Jingine ni saratani. Kidonda cha miaka mingi, hasa kilichoota juu ya kovu la moto, kinaweza kugeuka saratani. Daktari Mfaransa Jean-Nicolas Marjolin aliandika kuhusu vidonda vya makovu vya namna hiyo mwaka 1828, na kwetu tunaviona mpaka leo kwa watu walioungua utotoni. Kingo zikiinuka, zikawa ngumu, kidonda kikawa kinatoa damu kirahisi au harufu mbaya isiyokwisha, tunakata kipande kidogo kwenda maabara kabla ya jambo lolote. Usikiwashie taa ya kuhamasisha seli kidonda ambacho hujui kina seli gani. Na mwenye kutumia antibiotiki ya doksisaiklini au dawa nyingine inayofanya ngozi iungue kirahisi, aseme kwanza. Macho pia: usiangalie taa hizi moja kwa moja, na watoto wasizichezee, hasa zile za leza.

Vijana wetu mlioko Muscat, Dubai na Doha, najua wazee wenu watawapigia kuwasimulia haya. Mapenzi yenu tunayaona. Kabla ya kutuma taa, mtumieni mzee viatu vipana vyenye soli nene na ndani laini, glukomita, yaani mashine ya kupimia sukari, na vipimo vyake, na nauli ya kuja kliniki kila wiki. Kama fedha itabaki na taa ina nanomita na miliwati zilizoandikwa, itumeni, aje nayo kwetu na boksi lake.

Na mliokwisha kuinunua, sitawanyang'anya. Njooni nayo. Tutakipima kidonda kwa karatasi ya plastiki, tukichore mzingo wake, tuandike tarehe. Baada ya wiki 4 tutakichora tena. Kidonda cha mguu wa kisukari kilichopungua angalau nusu katika wiki hizo kina nafasi nzuri ya kufunga kikifika wiki ya 12. Kisichopungua nusu, taa au bila taa, maana yake kuna jambo tumelikosa: mfupa umeingiwa na maambukizi, damu haifiki, au kiatu bado kinakandamiza. Hapo tunabadilisha tiba, hatusubiri miezi.

Nimalizie kwa kazi, kwa sababu sitaki mrudi nyumbani na maneno matupu. Kila aliyekuja na mgonjwa, msaidieni mzee wenu avue viatu na soksi. Mwambieni afumbe macho. Mguseni kwa ncha ya kidole chenu, taratibu, sekunde moja au mbili, bila kukandamiza wala kusugua: kidole gumba cha mguu, kidole cha kati, na kidole cha mwisho, mguu wa kulia kisha wa kushoto. Aseme kila anapoguswa. Akikosa kusikia mahali pawili au zaidi kati ya hapo sita, anyooshe mkono. Dada Amina na wenzake wanapita na karatasi, watamwandikia siku ya kuonwa wiki hii hii.